Plagi ya Nne ya Pikapu ya Bura

Kwenye msiba wa Fundi Ramadhani, pale Katesh, mzee mmoja wa msikitini alisimama baada ya dua akasema kwamba mikono ya marehemu, tangu ishike spana ya kwanza, haikuwahi kuvunja kitu cha mtu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa mkekani kati ya wanawake, mtandio umekaa vizuri, macho mekundu kwa kulia, na ghafla kicheko kikanipanda kutoka tumboni kama gari lililowashwa likiwa kwenye gia. Nikajifunika uso kwa kanga. Mama Zuhura, mjane wake, aliyekuwa ameniegemea begani, akaninong'oneza, "Unaikumbuka ile plagi?" Nikamjibu, "Mama, usinichekeshe, watatufukuza." Basi tukalia na kucheka chini ya kanga moja, na wageni wakasema, jamani, huyu dada muuza vipuri wa Babati alimpenda mzee kama baba yake. Hawakukosea. Ila yule mzee wa msikitini alikosea. Fundi Ramadhani alivunja kitu kimoja, nami nilikuwepo, na mshtuko wa siku ile haujanitoka hadi leo, ninapoandika haya nikiwa na miwani puani na mvi ninazozipaka rangi kila mwezi.

Nani alimzaa nani katika ukoo wetu, wazee wa Tlawi wanayo yote vichwani na wanaisimulia bure, kwa hiyo mimi naiacha. Mwaka ninaoutaka ni ule niliokuwa spana boi wa Fundi Ramadhani mchana na mwanafunzi jioni. Ndiyo, spana boi, mwanamke mzima, hakuna aliyejisumbua kunitafutia jina jingine. Jioni nilinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha kwa mchanga, nikaenda kwenye madarasa ya watu wazima yaliyofundishwa katika shule ya msingi, tukakunja magoti kwenye madawati ya darasa la pili, mimi, askari mgambo, na muuza mitumba mmoja mnene ambaye akikaa dawati halimwachi mpaka tumvute watu wawili. Chumba changu kilikuwa nyuma ya gereji. Kilinuka mafuta ya injini kiasi kwamba ukiacha mkate mezani jioni, asubuhi ungeweza kuutia kwenye tangi ukafika nao Singida. Ukuta ulionitenganisha na chumba cha Fundi na Mama Zuhura ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilijua nani amekoroma, nani amegeuka, na nani amekasirika akanyamaza. Chakula nilikula kwao. Makande ya Mama Zuhura, sijui aliyawekea nini, yalikuwa yanakufanya usahau hata mtihani.

Bura alikuja kwenye miezi ya baridi, ule wakati ambapo Mlima Hanang unavaa wingu asubuhi na haulivui mpaka saa nne. Alikuwa mtu wa kwetu Tlawi, mrefu, mwenye koti la sufu lililokuwa la marehemu fulani, na pikapu yake ya dizeli ilinuka vitunguu swaumu hata ikiwa tupu, maana ndiyo kazi yake, kushusha swaumu kutoka milimani. Alishuka, akavua kofia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Gari linaumwa nini?"

"Gari haliumwi. Aliyeumwa ni mke wangu. Ila dawa yake iko ndani ya gari."

Fundi akanitazama, nami nikamtazama. Tulidhani mtu amelewa asubuhi.

Hapa lazima nikuambie habari ya jiko, la sivyo hutaelewa. Injini ya dizeli haina cheche. Inaunguza mafuta kwa joto tu, na asubuhi ya baridi haina joto, kwa hiyo kila silinda huwekewa plagi ya hita, kijiti cha chuma kama penseli fupi, ambacho ukifungua swichi kinakuwa chekundu humo ndani na kuipasha injini kabla hujaiwasha. Plagi hizo zikifa, wenzetu wa mabondeni hununua nyingine. Kule kwetu juu, ambako baridi ya Julai inaweza kumgandisha jogoo akiwa anawika, watu waliona njia rahisi zaidi: washa jiko la mkaa, lisukume chini ya injini, funika boneti kwa blanketi, nenda kanywe chai. Ukirudi, gari linaitika. Nilikua nikiona hivyo kila alfajiri kwa kila mwenye gari. Wallahi nilidhani magari yanatoka kiwandani na jiko lake, kama yanavyotoka na tairi la akiba.

Kazi ya jiko kwa Bura ilikuwa ya mkewe, Selina. Gari lililala bandani, banda la udongo lenye paa la bati, na Selina aliamka kabla ya jogoo, akawasha mkaa, akausukuma chini, akakaa nao asije mbwa akaupindua. Tangu waoane. Na kwa kuwa upepo wa Tlawi hauna adabu, mlango wa banda ulifungwa. Kichwa kikaanza kumuuma Selina. Akapewa vidonge. Kikaendelea, akaombewa. Kikazidi, akapelekwa kwa mtu anayejua majani. Halafu asubuhi moja jirani aliyekuja kuomba moto aliufungua ule mlango akamkuta amelala kando ya tairi, amelikumbatia, midomo imebadilika rangi. Wakamburuta hadi kwenye umande. Mungu ni mkubwa, alikohoa. Kwenye zahanati daktari hakuuliza maswali mengi, aliuliza moja tu: alikuwa anachoma nini, na wapi?

Fundi aliweka chini spana aliyoishika. "Kila siku?" akauliza.

"Kila siku, Fundi."

"Mlango umefungwa?"

Bura alitazama viatu vyake. "Mimi ndiye niliyesema ufungwe. Joto lisipotee."

 Nilihesabu kimoyomoyo mabanda yote ya Tlawi niliyowahi kuingia alfajiri kuota moto, nikicheka, nikikaa karibu kabisa kwa sababu palikuwa pazuri pa joto. Hadi leo nikipita barabara ya Mbulu asubuhi nikaona moshi wa mkaa unatoka chini ya gari ndani ya banda, nasimamisha, nashuka, nafungua mlango wa watu bila hodi. Nimetukanwa kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw, na mbwa mmoja alinila sketi. Nafungua tu.

Lakini kilichomleta Bura Katesh hakikuwa moshi peke yake. Baba yake Selina, Mzee Qamara wa Endasak, alikuja na ndugu zake, akamchukua binti yake, akaacha neno: "Binti yangu si kiberiti. Atarudi siku gari lako litakapolala kwangu, liamke lenyewe alfajiri mbele ya macho yangu, bila moto chini yake. Jumamosi wazee watakaa. Likigoma, chukua mahari yako na mambo yaishe." Na leo ilikuwa Jumatano.

Jioni ile ukuta wa mbao ukazungumza.

"Umekubali?" ilikuwa sauti ya Mama Zuhura. "Ndoa ya watu utaifunga kwa spana?"

"Nimekubali."

"Na ikivunjika?"

"Haivunjiki."

"Unasema ndoa au plagi?"

"Zote," alisema Fundi, na kitanda kikalia, akageukia upande wa pili.

Vijana wa siku hizi wanaokuja dukani kwangu wana vifaa vya kila namna, na wakikwama wanatazama video kwenye simu huku injini iko wazi kama mgonjwa wa upasuaji. Sisi tulikuwa na subira, na subira ya Fundi Ramadhani ilikuwa na sheria zake. Plagi iliyokwama huigusi injini ikiwa baridi. Unaiwasha, unaiacha ichemke, chuma kitanuke. Unamwagia mafuta ya kulegeza kutu, unakaa. Unageuza kidogo mbele, kidogo nyuma, kama mtu anayemshawishi mke aliyenuna. "Usishindane nayo," alikuwa akiniambia, "wewe una nguvu, yenyewe ina shingo nyembamba." Na sheria kuu kuliko zote: marufuku kuingiza bomba kwenye mkono wa spana ili upate nguvu zaidi. Kijana mmoja aliwahi kufanya hivyo kabla yangu, akafukuzwa na bomba lake mkononi.

Plagi ya kwanza kati ya zile nne zilizokufa ilitoka Alhamisi asubuhi. Ncha yake ilikuwa imevimba masizi kama kidole cha mguu kilichojikwaa. Ya pili ikatoka ikilia. Ya tatu ilitutesa hadi adhuhuri, ikatoka, na Bura akaibusu, nikamwona kwa macho yangu. Ya nne ilikaa nyuma kabisa, imejibanza kwenye ukuta wa kabini, mahali ambapo mkono wa mtu mzima unaingia kwa kuomba ruhusa. Ikageuka kidogo sana, ikakataa. Fundi akaimwagia mafuta, akasema iachwe ilale. Ijumaa tukaanza tena. Tukachemsha injini, tukamwagia, tukageuza. Kila baada ya muda Bura, aliyesimama mikono kichwani, aliuliza, "Imetoka?" Fundi alijibu "Bado" kwa upole mara za kwanza, halafu akajibu kwa mguno, halafu akaacha kujibu. Alikuwa tayari amevaa kanzu ya Ijumaa, kaikunja na kuifunga kiunoni, maana muda wa swala ulikuwa unakaribia. Nikamwona anatazama jua. Kisha akanyoosha mkono pale tunapotupa vyuma, akaokota kipande cha bomba.

 Ni kama ungemwona imamu anachukua chupa ya bia. Akaliingiza bomba kwenye spana, akavuta.

Tak!

Sauti ndogo tu, kama mtu amevunja kiberiti. Lakini nakwambia Katesh nzima ilinyamaza, hata mashine ya kusaga ya upande wa pili naamini ilisita. Fundi alitoa mkono taratibu. Ndani ya spana kulikuwa na kichwa cha plagi, kimekatika safi. Bura akanyanyua shingo.

"Imetoka?"

Fundi akakitazama kile kichwa. "Nusu," akasema.

Bura akaketi juu ya tairi kuukuu. Fundi hakutukana, hakujitetea. Alinawa, akaikunjua kanzu, akaenda msikitini, na aliporudi macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kusemezana na mkubwa wake. "Magdalena," akaniita, na hakuwa na kawaida ya kutumia jina langu zima, "mkono wako ni mwembamba. Shika drili." Tukaipaka grisi ncha ya drili ili chembe za chuma zishikwe na grisi zisidondokee ndani. Nikatoboa katikati ya kile kisiki, pole pole, pumzi nimeizuia mpaka nikaona nyota. Kisha tukaingiza chuma chenye meno ya kinyume, ambacho ukikigeuza kushoto kinauma na kufungua kwa pamoja. Kisiki kikatoka! Nikapiga kigelegele. Fundi akainua kidole: bado. Ncha, kile kijiti chembamba cha mbele, ilibaki imenasa ndani ya tundu.

"Itatolewa na injini yenyewe," akasema. Plagi zile nyingine zilikuwa nje, kwa hiyo silinda hiyo peke yake ndiyo ingebana hewa, na hewa hiyo ingesukuma. Akachomoa waya unaoruhusu dizeli, injini isije ikawaka kweli. Tukaning'iniza gunia lililokunjwa mbele ya tundu. "Wote nyuma ya gari!" Bura akalala chini kabisa, kifudifudi, kama vita vimeingia. Nikageuza swichi.

Injini ikazunguka, ikahema, ikahema, halafu PAA! Gunia likaruka. Kitu kikapita kikipiga mluzi, kikagonga bati, kikagonga sijui nini. Naweza kuapa kilipita kabla ya sauti yake. Nikaanza kuruka kwa furaha, nikamwona Fundi amekauka.

"Itafuteni," akasema. "Kama haikutoka nzima, kipande kimo ndani. Tukiwasha, injini imekwisha."

Basi ukiwahi kuona Katesh imesujudu yote kwa pamoja, ni siku ile. Fundi cherehani wa jirani alitoka na sumaku yake ya sindano. Wateja waliokuja kujaza upepo walitambaa. Wapita njia wawili walitambaa bila kujua tunatafuta nini, kwa heshima tu. Bura alichambua mchanga kwa vidole, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya mchanga huohuo, akisema jina la mkewe kwa sauti ya chini. Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Chuma kidogo kuliko nusu ya kijiti cha kiberiti, na mtu mzima anakililia kwa jina la mwanamke.

"Nani," ikasikika sauti ya Mama Zuhura kutoka jikoni, "nani mwenye laana amenipigia msumari kwenye kabichi yangu?"

Fundi alikimbia, yeye mwenye goti bovu. Akaichomoa ile ncha kwenye kabichi, akaifuta kwa kanzu, akailaza kiganjani sambamba na plagi nzima.  Urefu ulilingana. Nzima. Akaketi chini palepale, kwenye dimbwi la mafuta, na kanzu nyeupe ya Ijumaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumnyanyua.

Tukafunga plagi mpya, kwanza kwa vidole, kisha kwa spana bila bomba. Goti lilimzuia Fundi kusafiri, akanituma mimi. "Wewe utasimama pale. Likigoma, sema kosa ni la Ramadhani. Likiwaka, nyamaza."

Endasak tulifika jua likizama. Gari likaachwa uwanjani, Mzee Qamara akalizunguka mara kadhaa. Nikapelekwa jikoni kwa wanawake, kwenye ugali, mlenda na maziwa mgando, na hapo ndipo nilipomwona Selina kwa mara ya kwanza. Nilitarajia mgonjwa. Nilimkuta mwanamke wa makamo yangu, mabega mapana, anasonga ugali kama anagombana nao. Alinisimulia mwenyewe, bila kuombwa. "Moshi ule haunuki, dada. Ungekuwa unanuka ningetoka. Unakuja usingizi mzuri, unasema ngoja nikae kidogo, pana joto. Miguu ikaisha nguvu kwanza." Akageuza ugali. "Nilisikia mtu ananivuta nikakasirika. Nikasema mniache, nimepumzika." Mama yake akainuka akatoka nje. Nilibaki na tonge mkononi, silipeleki mdomoni, silirudishi.

Alfajiri kulikuwa na ukungu, baridi inauma masikio. Wazee walikwisha kukaa na mablanketi yao. Mzee Qamara akaweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayempima homa mtoto, akaona ni ya baridi. Akapiga magoti akachungulia chini. Akawaita ndugu zake nao wachungulie. Hakukuwa na jiko. Akamwamuru Bura kwa kidevu. Bura akafungua swichi, akasubiri plagi zipate moto, midomo ikitembea kwa sala, kisha akawasha. Sitatia chumvi hapa, haihitaji: liliwaka mara moja. Likanguruma uwanjani kama ng'ombe dume, moshi mweupe ukapotea kwenye ukungu, wazee wakapeana mikono. Mimi nikanyamaza kama nilivyoagizwa.

"Neno langu ni neno," akasema Mzee Qamara. "Selina, lete mzigo wako."

Selina alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga shuka. Hakusogea. "Baba, shikamoo. Wazee, shikamooni," akasema, na sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. "Tangu jana nimeona gari likipimwa. Limepapaswa. Limechunguliwa tumboni. Nimeambiwa mafundi wamelikalia Katesh siku kadhaa. Limepona, namshukuru Mungu. Mimi tangu nitolewe bandani, kuna aliyeniuliza hali yangu?"

Ilikuwa kama ile tak ya plagi, ila sasa ilivunjika ndani ya kila mtu.  Mzee mmoja akaanza kuchunguza fimbo yake kana kwamba ameinunua sasa hivi. Bura akazima injini. Akashuka. Mbele ya baba mkwe, mbele ya wazee, jambo ambalo mwanamume wa kwetu, kabla ya kulifanya, angekubali kwanza kung'olewa jino, akaenda akasimama mbele ya mkewe akasema, "Selina. Unajisikiaje?"

"Kichwa kinauma kila asubuhi," akajibu. "Nikisikia harufu ya mkaa natapika. Mlango ukifungwa, moyo unakwenda mbio, nalala ukiwa wazi na baridi yote hii. Majina ya watu yananipotea. Jana nimesahau jina la mama yangu nikiwa namwita." Alisema bila kulia. Mama yake ndiye aliyelia, na Mzee Qamara aliketi chini taratibu, maana alikaa na binti huyo nyumba moja na hakuwa anajua hata moja.

"Sikujua," alisema Bura.

"Sasa umeuliza. Washa gari uende. Uje Jumapili, uniulize tena."

Selina alikuja kurudi Tlawi, usihangaike, kwa hiari yake, ila baada ya Jumapili nyingi. Asubuhi ile sisi tuliondoka wawili. Gari liliwaka tena bila kulazimishwa, tukashuka kuelekea Katesh, mahindi kushoto, maharage kulia, na Bura aliendesha polepole kuliko baiskeli, mikono yote miwili imekaza usukani. Tulikwenda hivyo mpaka nyumba za kwanza za mji zikaonekana. Ndipo akasimamisha kando ya barabara, akanigeukia, mtu mrefu vile, uso umepauka.

"Dada," akasema, "akishanijibu, mtu anasemaje baada ya hapo?"